Ndege ya Wakesho Isiyo na Koki

Nisikilizeni, na mwenye kutaka kubisha aniwekee ubishi wake mpaka nimalize, maana leo sina subira na watu wa kukata maneno. Maghanga amelala. Amelala saa nane mchana, siku ya Jumapili, kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta, na wala hakuchoka, ni hasira iliyommaliza nguvu. Mnamjua Maghanga? Yule fundi wa meno bandia wa pale Voi, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole hata vibogoyo wote wa mji humwita mwanangu. Leo hana upole. Leo ukimsalimu vibaya atakung'ata kwa meno yake mwenyewe. Ameibiwa. Si kuku, si pochi. Ameibiwa ndege.

Ni ndege ya ndani ya kompyuta, naam, na wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize. Kuna mchezo wa kurusha ndege, wanaucheza watu wa nchi zote, na ndani yake kuna mafundi wanaounda nakala za ndege za kweli, bati kwa bati, msumari kwa msumari, kisha wanaziweka kwenye ukurasa wa pamoja ili mwenye kutaka achukue arushe. Hawadai kitu. Sharti lao ni moja tu, usiguse jina la aliyeunda. Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona vyaruka jua kuna mtu hakulala. Maghanga ameunda moja tu maishani mwake, na imemla miaka mitatu. Ni ile ndege ndogo ya injini moja aliyokuwa akiirusha dada yake mkubwa, Wakesho, akipeleka chanjo kwenye viwanja vya vumbi na kurudi na makasha matupu, mpaka siku ile ilipoanguka naye kilimani. Wakubwa wa kampuni wakaandika ripoti ya kurasa nne. Tangi la kushoto lilikutwa kavu, la kulia limejaa, rubani alisahau kugeuza koki ya kubadili tangi, injini ikakosa mafuta ikazima. Kosa la rubani, wakapiga muhuri. Maghanga akasema hapana. Dada yangu si mtu wa kusahau! Walimzidishia mzigo, wauaji wale, ndege ikashindwa kupanda kilima, sasa wanamsingizia maiti kwa kuwa maiti hana mdomo. Akaapa kwamba ataiunda ndege ile upya, ataipeleka kwenye kilima kile kile, na dunia nzima itaona ikianguka bila kosa la mtu. Na chini ya dirisha la rubani akaandika kwa herufi nyekundu, Wakesho Mwadime, hakukosea.

Sasa leo asubuhi amefungua ukurasa akakuta ndege yake imewekwa upya na mtu anayejiita Mwewe wa Mawingu. Jina la Maghanga limefutwa. La Wakesho limepakwa rangi nyeupe. Uzito umepunguzwa, na katikati ya viti viwili, mahali ambapo Maghanga hakuweka kitu, Mwewe ameweka koki ya kubadili tangi, nyekundu, yenye mshale, inayogeuka. Chini yake ameandika kwamba amerekebisha makosa ya fundi wa kwanza. Hana haya wala hana vibaya! Watu wameichukua kwa mamia, wameisifu, na mmoja ameuliza, ndege tamu kama hii, nani aliyeweza kuiangusha? Hapo ndipo Maghanga alipopandisha mori. Ameandika barua ya matusi akaifuta, akaandika ya pili yenye matusi ya kiwango cha juu akaiacha hapo haijatumwa, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka. Akaamua kumfuata mwizi wake huko huko mchezoni. Akabonyeza. Kompyuta ikaanza kupakia ulimwengu, asilimia kumi, asilimia hamsini, asilimia tisini na tisa, na hapo kwenye tisini na tisa ikakwama, nayo hukwama hapo kila siku, na Maghanga akiikodolea macho ile tisa ya mwisho kope zikamwangukia.

Anapita. Hajui amepitaje, ila ile tisa ina tundu, na hasira humkondesha mtu, basi anapenya na kujikuta amesimama kwenye lami. Lami hii haina mwisho. Kila anapopiga hatua mistari myeupe inazaliwa mbele yake, na vilima vinachelewa, vinachomoza ghafla mahali alipokwisha kupatazama, kama vibarua waliosikia msimamizi anakuja. Anatembea na lami inatembea. Anafika pale alipoanzia, anapaona, anaendelea, kwa sababu mtu mwenye hasira harudi nyuma hata akizunguka. Na mbele yake amesimama rubani. Shati jeupe, mistari minne mabegani, lakini kichwa ni laini, hakina jicho wala pua wala mdomo. Maghanga hashtuki, anamfahamu. Mafundi wa ndege hizi humaliza nguvu zao kwenye misumari na taa, wakifika kwa rubani huweka mwanasesere tu asiye na uso, maana nani atachungulia dirishani kumtazama? Huyu amemuumba yeye mwenyewe. Alikusudia awe Wakesho, akashindwa kuuanza uso.

Namtafuta mwizi wangu, anamwambia. Mwewe wa Mawingu yuko wapi? Kitendawili, anajibu rubani, sauti ikimtoka kifuani. Ebo! Mimi nakuuliza njia, wewe unaniletea michezo ya watoto? Kitendawili, anarudia rubani bila haraka, na Maghanga anaelewa kwamba hapa hapiti mtu bila kujibu. Tega basi, tega upesi! Nilizaliwa na bawa moja, nikaruka na mawili. Maghanga anafikiri, au anajidanganya kwamba anafikiri, kumbe anatukana kimoyomoyo. Nimeshindwa, anasema. Nipe mji, anasema rubani, kama ilivyo ada, anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Chukua Voi! anafoka Maghanga. Chukua na stesheni yake na vumbi lake, na unionyeshe mwizi wangu!

Alidhani ni maneno tu, masikini. Voi inachomoza pande zote mbili za lami, nyumba baada ya nyumba, na Maghanga anaona kwamba mji huu una kasoro, na kasoro yenyewe anaijua kuliko anavyojua jina lake. Ngoja niwape siri ya ufundi huu. Fundi wa ndege za kompyuta haundi ndege nzima. Huunda nusu, upande wa kushoto, kisha huamuru kioo kimtengenezee nusu ya pili. Kazi inakuwa nusu, na wote hufanya hivyo, na ndiyo maana wasipoangalia maandishi ya upande wa kulia hutokea yamegeuka nyuma mbele. Basi Voi hii ni nusu iliyokunjuliwa. Upande mmoja wa barabara kuna duka la dawa, upande wa pili duka lile lile na jina lake linasomeka kinyume. Kuna kinyozi mmoja mara mbili, anajinyoa mwenyewe barabara ikiwa katikati. Wapita njia wanataka kusalimiana wanashindwa, kwa kuwa kila mmoja ana mikono miwili ya kushoto. Shikamoo, wanamwambia, na wanamnyooshea mikono ile, na Maghanga anaipita kwa hasira, anapita duka lile lile, anapita kinyozi yule yule, mji unajikunja na kujikunjua, na hakuna hata kona moja yenye njia ya kulia.

Kwenye stesheni anamkuta rubani wa pili, asiye na uso kama wa kwanza. Wewe nawe usinichezee, anasema Maghanga, niambie Mwewe alipo. Kitendawili. Tega! Nimekufa kwa njaa, tumbo langu limeshiba. Neno hilo linamgonga Maghanga mahali, hataki kujua ni wapi. Jibu analo ulimini, analihisi, zito na chungu, naye analimeza. Sijui, anasema, na anajua kwamba amesema uongo, na uongo huo unamtia hasira zaidi kuliko swali. Nipe mji. Chukua Mwatate! Chukua na barabara ya kwenda huko! Na barabara inachukuliwa hapo hapo, inavutwa chini ya miguu yake kama mkeka, anaanguka, na anapoinuka Voi haipo, Mwatate haipo, kuna kiwanja kimoja cha vumbi, na kilima. Kilima kile. Amekitazama kwenye kioo cha kompyuta miaka mitatu, angekitambua hata gizani.

Na ndege ipo. Imeegeshwa, na mtu anaifuta bawa kwa kitambaa, anajiimbia kwa raha zake. Maghanga hamsalimii. Anamvamia, anamkunja shati, anamgeuza, na huyu naye hana uso. Mwizi mkubwa wewe! Unakula jasho la mwenzio! Umefuta jina langu, umempaka dada yangu rangi kama ukuta wa choo! Anampiga kofi, na kichwa kinalia kama debe tupu. Nimeiba jina, anasema Mwewe, sibishi, niongeze kofi la pili. Maghanga anamwongeza. Sasa kitendawili, anasema Mwewe. Sitaki vitendawili! Nilikuwa kilo mia tatu na kumi, ni nani aliyeninenepesha?

Hapo mkono wa Maghanga unabaki juu. Mnataka kujua kwa nini? Haya, nitawaambia, maana yeye mwenyewe hajamwambia mtu. Karatasi ya mzigo wa siku ile ilikuwamo kwenye ripoti, na mzigo wote ulikuwa kilo mia tatu na kumi. Maghanga aliziingiza kwenye ndege yake, akairusha, ikavuka kilima bila hata kutikisika. Akaingiza mia nne, ikavuka. Akaingiza mia tano, ikavuka tena, mbwa ile. Akaendelea kuongeza, usiku mmoja na mwingine, mpaka kwenye mia sita na arobaini ikashindwa kupanda, ikasaga tumbo, ikaanguka, na Maghanga akasimama kwenye kiti akapiga makofi huku analia. Ndiyo ndege aliyoipeleka kwa watu. Nayo haikuwa na koki, kwa sababu penye koki pana kuisahau, na yeye hakutaka pawepo mahali pa kusahau.

Walinizidishia... walimzidishia, anaanza kusema, na sauti haifiki mbali. Mlango wa ndege unafunguka, anashuka mwanamke, na huyu ana uso. Ana uso wote, na makovu ya chunusi, na ile nyusi inayopanda akikasirika, na sasa imepanda. Dada, anasema Maghanga. Usiniite dada, njoo huku, anasema Wakesho, na anamshika sikio kama alivyomshika akiwa darasa la pili, anamzungusha mbele ya pua ya ndege hadi kwenye bawa la kulia. Hili nini? Bawa, Dada. Ingiza kichwa chini ulitazame kwa ndani. Anaingiza, na bawa halipo. Kwa nje linang'aa, kwa ndani anaona mawingu. Tangi langu la kulia liko wapi? anauliza Wakesho. Lilikuwa na lita mia moja na kumi, nililijaza mwenyewe asubuhi ile, limeenda wapi? Hakuna, Dada, ni kioo cha lile la kushoto. Koki yangu je? Maghanga anajifanya bado anatazama mawingu. Nakuuliza koki yangu!

Miaka mitatu! anapasuka Maghanga, naye ana koo pia, msidhani. Miaka mitatu silali, nakupigania, wewe unanivuta masikio! Unajua wanavyomwambia Mama sokoni? Wanamwambia pole, mwanao alisahau, na wanamtazama kama mtu aliyezaa mjinga! Si awajibu ndiyo, alisahau! anasema Wakesho. Kuna mwanamke gani pale sokoni ambaye hajawahi kusahau chumvi kwenye mchuzi? Wewe hukusahau, anasema Maghanga. Sema hukusahau. Wakesho anamwachia sikio. Kitendawili, anasema, taratibu kuliko wote. Maghanga hawezi kusema tega, lakini dada yake anatega hivyo hivyo. Saa elfu nne nimeruka nikikumbuka, siku moja kiatu kilinibana. Nilikuwa peke yangu na makasha, sikuwa mgonjwa, sikuwa na usingizi, nilikuwa nakivua kile kiatu kwa kisigino cha mguu wa pili, kimekwama, nimekasirika. Nifungue.

Sijui, anasema Maghanga, na machozi yanamtiririka hadi shingoni. Nimeshindwa, chukua mji. Chukua Mombasa, Dada. Chukua Nairobi, chukua miji yote, hata ile nisiyoijua. Miji sitaki, anasema Wakesho. Nipe kosa langu.

Anamwambia hivyo, na lami inatetemeka. Nipe kosa langu, Maghanga. Ndilo jambo la mwisho nililolifanya kwa mkono huu, na wewe umelichukua ukanibandikia mzigo wa uongo mahali pake. Huyu Mwewe ameiba jina, mwizi tu, wezi wapo. Wewe umeniiba mimi. Mzee Mwanyumba ulipomtengenezea meno ulimwachia pengo lake la mbele, maana mkewe alikataa kulala na mtu asiyemjua. Sasa mimi ndugu yako pengo langu umeliziba, na unashangaa huwezi kunichora uso! Maghanga anataka kumjibu, ana majibu mengi na yote ni makali, anafungua mdomo, na mbele yake kilima kinaanza kuyeyuka, Mwewe anayeyuka na kitambaa chake, na ile nyusi ya Wakesho ndiyo ya mwisho kuondoka. Nipe, inasema, na tisini na tisa inakuwa mia.

Unaongea na nani? anauliza Mama. Amesimama mlangoni, mama yake Maghanga, mwanamke wa miaka sabini na moja anayeichukia kompyuta ile kuliko anavyoichukia kampuni, na jua la mchana liko nyuma yake. Shingo ya Maghanga inauma, uso umelowa. Naongea na Dada, anajibu, na anasubiri matusi. Mama hatukani. Anaingia, anaketi ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho hajakifanya tangu msiba. Anasemaje? Maghanga anaitazama sakafu. Anasema alisahau, Mama. Anasema ni kiatu.

Mama anasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, mimi aliniambia siku ile ile tuliyomzika. Alikuja akaniambia, nikamjibu sawa mwanangu, lala. Maghanga anaruka kutoka kwenye kiti. Na ukaniacha? Miaka mitatu unaniona natengeneza uongo, unaniletea chai, na unajua? Ulikuwa unaunda, anasema Mama. Mtu anayeunda anasikia? Nilikwambia mara ngapi njoo ule, ukasikia lini? Na hasira ya Maghanga inapanda hadi kwenye paji la uso, inafika hapo, inakosa mtu wa kumwangukia. Anamtazama mama yake vizuri. Mama anayemjua yeye angekwisha kung'oa waya ukutani. Huyu ametulia mno, amekunja mikono mapajani, na Maghanga hana hakika ni mama yupi, wala kama amekwisha kuvuka ile tisa kurudi au bado yumo ndani yake. Anafikiri kumwuliza, anaona haya.

Anaketi. Ile barua ya matusi bado ipo, anaifuta yote, anaandika mstari mmoja. Mwizi wewe, rudisha majina yetu, ila koki usiiguse. Anaituma. Kisha anakwenda kwenye ndege yake mwenyewe na kulifuta lile neno hakukosea, anaacha Wakesho Mwadime peke yake, na herufi zinampiga machoni. Halafu, kwa kuwa ndege yake haina koki wala tangi la kulia, anaichukua ya mwizi, yenye vyote viwili. Anaweka kilo mia tatu na kumi. Mama anajisogeza kitandani kwa makalio mpaka anaona. Wanaruka. Mshale wa tangi la kushoto unashuka, unashuka, na kilima kinachelewa, kinachomoza ghafla mbele yao. Ndiyo hapa? anauliza Mama. Ndiyo hapa. Injini inakohoa, Maghanga mkono umemganda, na Mama anapiga kelele, kelele ambayo haijawahi kutoka katika nyumba ile hata siku ya msiba, geuza, mwanangu, geuza! Haijulikani anamwambia nani. Maghanga anageuza. Injini inakohoa mara moja tena, inakubali, na kilima kinapita chini yao.

Kumbe ni kitu kidogo hivyo, anasema Mama. Na Maghanga, ambaye hata sasa hajui kama ameamka, anamwambia ndiyo, Mama, ni kidogo hivyo.